"Asilimia 90 ya wahitimu wetu wana kazi": asilimia 90 ya nani?

UZI. Mjadala wa vyuo vya sheria unarudi kila matokeo ya mtihani wa uwakili yanapotoka, na wengi mmeniomba niueleze. Wiki jana niliongea na wazazi na vijana waliomaliza kidato cha nne, kwenye ukumbi wa kanisa mtaani kwetu. Haya ndiyo maneno niliyosema, nimeyakata vipande. Kanuni ya ukurasa huu mnaijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunataja hoja.

1.
Niliombwa niwaambie ni chuo gani cha sheria ni bora. Leo siwatajii chuo. Nitawapa maswali manne ya kuuliza chuo chochote, halafu tutaangalia zile kelele tunazosikia kwenye mazishi na kwenye redio, tuone nani anauliza maswali hayo na nani anatupigia tu mdomo.

2.
Kuna mzee mmoja hapa, ameniruhusu niseme habari yake bila jina. Alinijia na vijikaratasi viwili vya matangazo. Binti yake amepata alama za kusoma sheria. Chuo cha kwanza kimeandika "Asilimia 90 ya wahitimu wetu wana kazi". Cha pili kimeandika asilimia 78. Mzee akaniambia, "Wakili, si hii ni hesabu rahisi? Tisini inashinda sabini na nane. Nauza ile robo ya shamba, mtoto anaenda kule kwa tisini."

Nikamwambia, "Mzee, usiuze bado. Keti kwanza."

3.
Wacha nianze na mimi mwenyewe, maana mimi niliwahi kuwa ndani ya asilimia kama hiyo.

Nilipomaliza digrii, sikuwa na pesa ya kuendelea na mafunzo ya uwakili. Nikaenda kukaa kwa cyber ya binamu yangu. Nachapa barua za watu, najaza fomu za KRA, natoa kopi. Siku moja simu ikalia, ni mtu wa chuo.

"Habari yako. Uko na kazi kwa sasa?"
"Niko nayo."
"Sawa, asante sana."

Hiyo ndiyo ilikuwa hojaji yote. Sekunde ishirini. Miezi kadhaa baadaye nikaona bango la chuo: wahitimu wetu wa sheria wameajiriwa, na asilimia kubwa hivi. Nikajua nimo humo. Mimi na mashine yangu ya kopi.

Hakuna aliyedanganya hapo. Aliniuliza kama niko na kazi, na nilikuwa nayo. Lakini mzazi aliyesoma lile bango alifikiria wakili aliyevaa suti kortini, hakunifikiria mimi.

4.
SWALI LA KWANZA: asilimia ya nani?

Chukueni mfano, nimeubuni ili hesabu iwe rahisi. Chuo A kimehitimisha wanafunzi 200 wa sheria. Kinawapigia simu, wanaoshika ni 100. Kati ya hao 100, watu 90 wanasema wana kazi. Chuo kinaandika: asilimia 90.

Na wale 100 ambao hawakushika? Hawako kwenye hesabu. Huenda wana kazi, huenda hawana. Lakini tuwe wakweli: aliyepata kazi nzuri anashika simu ya chuo akicheka. Aliyekaa nyumbani miaka miwili akiona ile namba anaiacha ilie.

Kwa hivyo mkiambiwa asilimia, ulizeni: waliohitimu ni wangapi, na waliojibu ni wangapi? Chuo kisichoweza kutaja namba hizo mbili hakina asilimia, kina tangazo.

5.
SWALI LA PILI: kazi gani?

Turudi kwa wale 90 wa Chuo A. Tuseme 35 wanafanya kazi inayohitaji ile digrii: wako kwa ofisi ya mawakili, kwa kaunti, benki, mahakamani. 30 wanafanya kazi yoyote ile, kama mimi kwa cyber. Na 25 wameajiriwa na chuo chenyewe kwa miezi mitatu, wapange faili kwa maktaba.

Sasa Chuo B. Kimehitimisha 100, kimewafuata wote 100 mpaka kikawapata. 78 wana kazi, na kati ya hao 60 wako kwenye kazi ya sheria. Kinaandika: asilimia 78.

Chuo A kinaweza kukuonyesha watu 35 kati ya 200. Chuo B kinaweza kukuonyesha 60 kati ya 100. Lakini kwenye kijikaratasi A ni 90 na B ni 78. Mzee alikuwa karibu kuuza shamba afuate namba kubwa, na aliyemwambia ukweli zaidi ni yule mwenye namba ndogo.

6.
SWALI LA TATU: wamehesabiwa lini?

Hapa Kenya lina mtego wake. Digrii ya sheria ni miaka minne, lakini haikufanyi wakili. Ukitoka hapo unaenda Kenya School of Law, masomo tisa, karibu mwaka mzima. Unafanya mtihani. Halafu kuna miezi sita ya uanagenzi chini ya wakili mzoefu. Ndipo unaomba kwa Jaji Mkuu, unaapishwa, jina linaingia kwenye orodha ya mawakili.

Sasa chuo kikihesabu wahitimu miezi sita baada ya sherehe, kinahesabu nini? Wengi wako darasani Karen. Wengine wako nyumbani wanatafuta karo ya kwenda Karen. Mwenye kazi ya mshahara wakati huo anaweza kuwa ndiye aliyekosa pesa ya kuendelea. Kumbe yule aliyekwama anaongeza alama ya chuo, na yule anayesonga mbele anaipunguza!

Mtu wa sheria Kenya lazima ahesabiwe mara mbili. Mwaka mmoja baada ya digrii: wangapi wameingia mafunzo ya uwakili, wangapi wameenda kazi nyingine, wangapi wamekwama? Halafu miaka mitatu au minne baada ya digrii: wangapi wameapishwa, na wangapi wana kazi ya mshahara?

7.
SWALI LA NNE: nani alihesabu?

Kama chuo kinajihesabu chenyewe na hakuna anayekagua, hiyo ni sawa na mimi kujisahihishia mtihani. Naweza kuwa mwaminifu, lakini nisikasirike ukiuliza.

8.
Mtu ataniambia, haya mambo hayawezekani, vyuo haviwezi kufuatilia watu wote. Basi twende Marekani kidogo, maana wao walipitia shida hii hii na ikawauma.

Miaka ile ya msukosuko wa uchumi wa 2008, ofisi kubwa za mawakili zilipunguza watu. Wanafunzi walikuwa wanatoka shule za sheria na madeni makubwa, hakuna kazi, huku matangazo ya shule yakiendelea kusema karibu kila mtu ameajiriwa. Wakaanza kuuliza. Mwaka 2009 wanafunzi wawili wa sheria walianzisha shirika, Law School Transparency, kazi yake moja tu: kudai shule zitoe hesabu kamili. Mwaka 2011 na 2012 wahitimu wakashtaki shule zaidi ya kumi mahakamani, wakisema walipotoshwa.

Mnajua walishinda? Wengi walishindwa. Mahakama ya New York ilitupa kesi moja mwaka 2012, na moja ya hoja za jaji ni kwamba mtu anayetaka kusoma sheria ni msomi, alipaswa kupeleleza mwenyewe. Kesi moja ya San Diego ilifika mpaka kwa baraza la wazee wa mahakama mwaka 2016, na shule ikashinda.

9.
Lakini kortini walikoshindwa, kwa kanuni walishinda. Chama cha mawakili cha kule, American Bar Association, ambacho ndicho kinaidhinisha shule za sheria, kilikaza masharti. Sasa kila shule iliyoidhinishwa lazima iweke kwenye tovuti yake jedwali la aina moja kila mwaka. Linaonyesha hali ya wahitimu miezi kumi baada ya kumaliza. Linatenganisha kazi ya siku nzima na ya saa chache, kazi ya muda mrefu na ya muda mfupi. Linatenganisha kazi inayohitaji leseni ya uwakili, kazi ambayo digrii inasaidia tu, na kazi nyingine zote. Kazi inayolipwa na shule yenyewe ina safu yake. Na wasiojulikana waliko wana safu yao pia, hawafutwi.

Yule wa cyber angeonekana. Wale 25 wa maktaba wangeonekana. Wale 100 wasioshika simu wangeonekana.

Kati ya 2010 na 2015 waombaji wa shule za sheria Marekani walipungua kwa zaidi ya theluthi moja. Sisemi ni jedwali peke yake lililofanya hivyo, uchumi ulichangia. Lakini watu walianza kupiga hesabu kabla ya kukopa.

10.
Sasa turudi nyumbani, kwenye majukwaa yetu. Nimesikiliza huu mjadala miaka mingi na hoja ni zile zile nne.

Hoja ya kwanza: "Vyuo vya sheria vimezidi, vifungwe." Zamani Kenya ilikuwa na kitivo kimoja, cha Nairobi, tangu 1970. Leo ni vingi, vya serikali na vya kibinafsi. Inawezekana vingine havifai. Lakini ni vipi? Mwanasiasa akisema vifungwe bila kuonyesha wahitimu wa kila chuo wameishia wapi, ujue vitakavyofungwa ni vile visivyo na mtu wa kuvitetea.

11.
Hoja ya pili: "Watoto wetu wanafelishwa makusudi kwa mtihani wa uwakili, ili walipe tena." Hii inapigiwa makofi sana, na uchungu wake ni wa kweli. Kurudia mtihani ni pesa na ni mwaka wa maisha ya mtu.

Lakini sikilizeni mpangilio. Chuo kikuu kinatoa digrii. Kenya School of Law inafundisha mafunzo ya uwakili. Mtihani wa kuandika unasimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Ni milango mitatu. Mwanafunzi akianguka, kila mlango unanyoosha kidole kwa mwenzake. Chuo kinasema mtihani ni mbaya, wa mtihani wanasema vyuo vinaleta watu hawajaiva.

Ukitaka kujua nani anasema ukweli, dai hesabu iliyogawanywa: waliotoka chuo fulani, waliokaa mtihani ni wangapi, waliofaulu masomo yote tisa mara ya kwanza ni wangapi, waliofaulu baada ya kurudia ni wangapi. Kama wanaanguka kwa kiasi kile kile kutoka kila chuo, basi tuukague mtihani. Kama chuo kimoja kinaangusha na jirani yake anapasisha, tukakague chuo. Bila hiyo hesabu, hasira yetu ni ya kweli lakini hatujui tuipeleke wapi.

Na hata hapo kumbukeni swali la kwanza. Aliyekosa karo ya Karen hakukaa mtihani, kwa hivyo hakufeli. Katika matokeo, yeye hayupo kabisa.

12.
Hoja ya tatu: "Tufungue mafunzo ya uwakili kwa vyuo vingine, tuvunje ukiritimba." Inaweza kuwa hoja nzuri. Mtoto wa Mombasa au Kisumu angepunguziwa nauli na kodi ya nyumba Nairobi. Lakini mlango mpya wa kuingia haufungui mlango wa kutokea. Viti vya darasa vikiongezeka na nafasi za uanagenzi zibaki zile zile, foleni haijapungua, imehama tu. Anayetoa hoja hii aulizwe: hao watu watafanya miezi sita yao kwa nani, na watalipwa?

13.
Hoja ya nne ndiyo inaniudhi: "Vijana waache kungoja kuajiriwa, wajiajiri."

Kwa sheria, hii haifanyi kazi hivyo. Sheria ya Mawakili, kifungu cha 32, inasema wakili mpya hawezi kufungua ofisi yake mwenyewe mpaka afanye kazi ya mshahara miaka miwili mfululizo baada ya kupata leseni ya kwanza, chini ya wakili mwenye uzoefu, au kwa Mwanasheria Mkuu, au kwa shirika lililokubaliwa. Miaka miwili.

Sababu yake ni nzuri, hutaki kesi ya shamba lako ijaribiwe na mtu wa wiki moja. Lakini maana yake ni kwamba kwa wakili mpya, ajira ni hatua ya lazima ya kisheria. Asiyeajiriwa hawezi kujiajiri. Kwa hivyo swali "wahitimu wa chuo hiki wanaajiriwa?" ndilo swali lenyewe la kama mtoto atafika mwisho wa safari au atabaki na cheti kwa bahasha ya kaki.

14.
Sasa niseme na upande wa pili, nisije nikawauzia jedwali kama dawa ya kila ugonjwa.

Hesabu ya ajira inaweza kupima chuo, na inaweza kupima mjomba. Kijana ambaye mjomba wake ana ofisi ya mawakili atapata uanagenzi hata angesomea chini ya mti. Chuo chenye karo kubwa kinapokea watoto wengi wa aina hiyo, halafu kinajisifu kwamba kimewapatia kazi. Chuo kinachopokea watoto wa mashambani, kikiwafikisha 50 kati ya 100, huenda kimefundisha zaidi ya kile kilichofikisha 80 waliokuwa na njia tayari.

Kwa hivyo linganisheni chuo na mwenzake: alama za kuingilia zinakaribiana, karo inakaribiana, idadi ya wanafunzi inakaribiana. Chuo chenye wahitimu 20, watu wawili tu wakikosa kazi asilimia inaanguka kwa kumi. Msikikimbilie wala kukikimbia kwa mwaka mmoja, ombeni miaka mitatu au minne.

Na si kila anayesoma sheria anataka kuwa wakili. Kuna anayetaka kufanya kazi kwa kaunti, kwa mashirika ya haki za binadamu, kwa benki. Huyo asihesabiwe kama ameshindwa. Mpe safu yake.

15.
Basi tufanye nini? Wengi mnangoja mbunge alete mswada. Mleteeni shinikizo, sawa. Lakini kuna kitu mnacho tayari mkononi.

Katiba, kifungu cha 35: kila raia ana haki ya kupata habari zilizo kwa serikali, na habari zilizo kwa mtu mwingine kama anazihitaji ili kulinda haki yake. Kifungu cha 46: mnunuzi wa huduma ana haki ya kupewa habari za kumwezesha kufaidi kile anacholipia, iwe kwa taasisi ya umma au ya kibinafsi. Karo ni malipo. Elimu hiyo ni huduma.

Na kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Unaandika barua, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, sheria imetaja lugha zote mbili. Wana siku 21 za kujibu. Wakikataa, unalalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Wakikuambia ni siri ya wanafunzi, waambie hutaki majina, unataka idadi.

16.
Nilikaa na yule mzee na binti yake, tukaandika barua mbili, moja kwa kila chuo. Binti ndiye aliyeandika, kwa Kiswahili kizuri kuliko changu. Maswali saba: waliohitimu ni wangapi miaka minne iliyopita, mliowapata ni wangapi, walioingia mafunzo ya uwakili, waliofaulu, walioapishwa, walio na kazi ya mshahara, na kati ya kazi hizo ni ngapi za sheria.

Majibu bado hayajafika, na siku 21 hazijaisha. Shamba bado halijauzwa.

Mzee aliniuliza, "Na wasipojibu?" Binti akajibu kabla yangu: "Baba, hilo pia litakuwa jibu."



MWISHO WA UZI. Kama umesoma sheria hapa Kenya, andika hapo chini: mwaka uliohitimu, na miezi mingapi ilipita mpaka kazi ya kwanza yenye mshahara. Usitaje jina la mtu. Na wewe unayesoma majibu, usiyafanye asilimia. Kumbuka swali la kwanza: wanaojibu si wote.